Waliomfunika Wilfried

8 Oktoba, Jumapili

Leo Wilfried amesema mbele ya kanisa zima kwamba yeye ndiye aliyemuua Raphaël, na sisi tukaimba.

Naandika sentensi hiyo kwanza ili kesho nisijidanganye kwamba nilisikia vibaya. Nilikuwa nimesimama na kwaya, karibu naye kiasi cha kuona jasho shingoni mwake. Alisema alikwenda ufukweni kuiba petroli kwenye mota za wavuvi. Raphaël, mlinzi wa mota zile, akamkamata mkono. Wilfried akampiga kwa kasia, pigo la kwanza ili aachiwe, la pili hajui kwa nini. Kasia akarudi nalo nyumbani, akalipasua likawa kuni. Alilia sana. Mchungaji Élie akamuuliza kama kuna jingine. Akasema hakuna.

Kisha ikawa kama inavyokuwa siku zote. Wazee wa kanisa, Baba yangu akiwa mmoja wao, wakaleta kitambaa cheupe wakamfunika kuanzia kichwani hadi magotini. Tukaomba. Nikaanzisha wimbo. Mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo za kwaya, na mdomo wangu uliimba kabla akili haijafika. Kitambaa kilipoondolewa, dhambi ilikuwa imekwisha. Kwetu ndivyo ilivyo. Kilichofunikwa hakitajwi tena, si sokoni, si nyumbani, si hata kati ya mke na mume. Atakayekitaja amekifufua, na yeye ndiye atakayetengwa na Meza ya Bwana.

Nimekulia ndani ya desturi hii na nimeipenda. Nimeona ndugu waliokuwa hawasalimiani wakitoka chini ya kitambaa kile wakila sahani moja. Lakini Gordien Nijimbere, mkimbizi kutoka Burundi anayelima muhogo nje ya mji, yuko kashoni, mahabusu, tangu Agosti kwa kifo hichohicho. Alimkuta Raphaël alfajiri bado anapumua, akambeba mgongoni hadi kituo cha afya. Damu iliyomwagikia shati lake ndiyo imekuwa ushahidi. Kama angempita mtu yule akaenda zake shambani, leo angekuwa huru.

Nadhani kila mtu kanisani aliwaza jina lake wakati tunaimba. Hakuna aliyelitaja.

9 Oktoba

Baba alikuwa anapaka viatu rangi barazani.

"Baba, Gordien iko mu kasho ya bure."

"Gordien gani?"

"Ule Murundi. Na we unajua nani aliua Raphaël."

"Mi sijui kitu. Ile ya jana ilifunikwa."

"Mungu alisamehe, sawa. Korti haijasamehe. Ni vitu mbili."

Akaweka kiatu chini. "Divine, ulisoma droit, sheria ya bazungu, ku Bukavu. Ni vizuri. Nililima mihogo mpaka mugongo ikapinda juu ya ile droit. Lakini ile kitambaa haikutoka Bukavu."

"Na kama Gordien angekuwa mwana wako?"

Aliokota kiatu kingine, ambacho tayari kilikuwa kinang'aa, akaanza kukipaka tena.

10 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Sikuzungumza na mtu.

13 Oktoba

Nilikwenda kwa Maître Constance, mtetezi wa Gordien. Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya soko, bati linavuja, mafaili yake yamefunikwa plastiki. Mwezi ujao mahakama itakuja kutoka mji mkubwa kukaa hapa Baraka wiki moja, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuwa mkalimani wa Gordien, kwa sababu tulikimbilia Bujumbura nikiwa mdogo na Kirundi nilijifunza shuleni kule kwa fimbo. Alidhani nimekuja kwa habari ya kazi hiyo. Nikamwambia niliyoyasikia Jumapili.

Akacheka kicheko kibaya.

"Kanisa muzima?"

"Kanisa nzima."

"Na hakuna hata mumoja alikuja hapa."

"Mi nimekuja."

"We njo ulipashwa kuwa wa mwisho." Akanieleza, ingawa nilijua. Sheria haikubali mtu mmoja awe mkalimani na shahidi katika kesi moja. Nikitoa ushahidi, lazima nikiache kiti cha mkalimani. Nikikiacha, Gordien atabaki na yule polisi ambaye ndiye alimtafsiria maelezo yake siku ya kukamatwa. Karatasi ile ya Kifaransa inasema, "Nilimpiga." Gordien aliiwekea alama ya kidole akiamini imeandikwa, "Nilimbeba."

"Acha kwanza mi niombe bamuite Wilfried," Constance akasema. "We ukae ku kiti yako. Kama banakataa, tutaona."

Nimerudi nyumbani na hasira. Mdomo mmoja tu unaweza kumsaidia mtu huyu, na sheria inataka uchague ni maneno ya nani ubebe.

15 Oktoba, Jumapili

Wilfried amenawiri. Analala vizuri, anasema hivyo mwenyewe kwa kila mtu. Baada ya ibada alinisimamisha mlangoni.

"Dada Divine! Leo sauti yako ilikuwa inakwama kama mota iliingia maji. Uniletee nikusafishie karbureta."

Watu wakacheka. Baba naye akatabasamu. Mimi nilitazama mikono yake. Ni fundi hodari wa mota, kucha zake zina mafuta meusi yasiyotoka kwa sabuni, na jambo linaloniudhi kuliko yote ni kwamba alikuwa na furaha ya kweli. Hakuwa anaigiza. Sisi ndio tuliompa furaha hiyo.

22 Oktoba

Nimeimba. Sijui kwa nini nimeimba.

27 Oktoba

Iteka, mke wa Gordien, hupeleka bugali kashoni kila siku, maana asiyeletewa chakula kutoka nyumbani halishwi. Leo mvua ilimkuta njiani. Nilimwona amekumbatia sufuria chini ya kanga, yeye mwenyewe analowa. Alipita mbele ya duka ambako wazee wetu wawili walikuwa wamejikinga. Wakamsalimu kwa heshima sana. "Jambo, mama. Pole na mvua, mama." Zamani ningesema hawa ni watu wema.

2 Novemba

Mto Mutambala umepanda, magari hayavuki. Mahakama imekwama njiani. Mchungaji Élie amesema huenda ni mapenzi ya Mungu. Kila kitu ambacho hawataki kukifanya ni mapenzi ya Mungu.

6 Novemba

Wamefika, matope hadi magotini. Wanakaa katika ukumbi wa sinema wa zamani. Nimeapa kutafsiri kwa uaminifu, bila kuongeza wala kupunguza.

7 Novemba

Constance alisimama akaomba Wilfried aitwe, kwa sababu mji mzima una habari kwamba amekiri. Mwendesha mashtaka akasema kila muuaji huleta hadithi ya muuaji mwingine. Rais wa mahakama, jaji mpole mwenye kikohozi, akasema habari za mji si ushahidi. Mahakama inamhukumu aliyeletwa, haimhukumu asiyeletwa. Ombi limekataliwa.

Nikatafsiri hayo yote kwa Kirundi. Gordien alinitazama usoni wakati nikisema, si kama mtu anayesikiliza jaji. Alinitazama kama mtu anayenisikiliza mimi.

Jioni Baba alirudi nyumbani akiwa mchangamfu. Nilimkuta anapiga pasi suti yake ya harusi za watu.

"Tumepata njia," akaniambia. "Kesho utafurahi."

Nilitaka kumwamini. Nilimpelekea maji ya kuoga.

8 Novemba

Nitaandika taratibu.

Asubuhi wazee wa kanisa waliingia ukumbini, wote kwa suti, Mchungaji Élie mbele. Rais akawaruhusu kusema. Mchungaji akasema kwa Kifaransa kizuri kwamba kanisa limeguswa na hatima ya ndugu Gordien, kwamba ana mke na watoto wadogo, kwamba katika nchi ya ugeni mtu huweza kupotea. Kanisa linamwomba jaji amhurumie. Kanisa, kwa upande wake, limekwisha kumsamehe.

Baba alinitazama kutoka pale alipokuwa amesimama. Uso wake ulikuwa unang'aa. Aliamini. Mungu wangu, aliamini! Wameketi usiku na mchana wakitafuta jinsi ya kumwokoa mtu bila kumtaja yule waliyemfunika, wakapata njia hii. Hakuna hata mmoja katika vichwa vile vyeupe aliyeona kwamba huruma huombewa mwenye kosa. Asiye na kosa huombewa haki.

Mwendesha mashtaka aliona mara moja. Alisimama taratibu, karibu kwa upendo. Akasema hana haja ya kuongeza neno. Kanisa ambalo linajua siri za watu wa Baraka limekuja lenyewe kuthibitisha. Anayesamehewa ametenda.

Nikamtafsiria Gordien. Kila neno. Nilisema kwa Kirundi, "Wanasema wamekusamehe."

Akasema, "Wamenisamehe nini?"

Nikatafsiri kwa Kifaransa.

Kisha akaninyooshea kidole na kusema maneno marefu, polepole, ili nisipoteze hata moja. Na mimi niliyeapa kutoongeza wala kupunguza nikageukia mahakama na kusema kwa sauti yangu mwenyewe, "Mshitakiwa anasema: muulizeni huyu dada anayesema kwa ajili yangu. Yeye ni wa kanisa lao, anaimba mbele. Mke wangu amesikia sokoni kwamba kule mbele kuna mtu alisema neno. Muulizeni alisikia nini."

Watu wakacheka. Mwendesha mashtaka naye akacheka. Rais akakohoa, akauliza, kama mzaha, mkalimani anasema nini juu ya hilo.

"Mkalimani hana la kusema," nikajibu. "Mimi ninalo."

Nikainuka kwenye kiti kile. Constance alifumba macho.

Nilisema yote. Tarehe, petroli, mkono uliokamatwa, mapigo mawili, kasia. Nilimtaja Wilfried kwa jina lake. Nyuma ya ukumbi akina mama walipiga kelele, si kwa kushangazwa na mauaji, bali kwa sababu nimetaja.

Rais akauliza kama nilimwona Wilfried akipiga. Hapana. Kama alitia sahihi mahali. Hapana. Kama alikuwa ameapa.

"Alikuwa amepiga magoti," nikasema.

Akawageukia wazee. Je, waliyasikia haya? Mchungaji Élie akasema yanayosemwa mbele ya Mungu yanabaki mbele ya Mungu. Mzee mmoja akasema masikio yake ni mabovu. Baba akaulizwa wa mwisho. Baba akatazama viatu vyake.

Wilfried mwenyewe hakuwepo. Walisema ameenda Swima kutengeneza mota. Constance akaomba kesi isubiri aletwe. Swima si mbali. Rais akasema mahakama inaondoka Ijumaa kabla mto haujapanda tena. Akasema ninalolisema ni maneno ya mtu niliyoyasikia tu, ya mtu ambaye hashitakiwi, na mimi mwenyewe nimevunja nafasi yangu ya ukalimani, kwa hiyo ushahidi wangu hautapokelewa. Nikaambiwa nitoke.

Kesi iliendelea. Yule polisi akakaa kwenye kiti changu. Nilisimama dirishani nje, mvua ikinipiga, nikamsikia mwendesha mashtaka akisema kwa muda mrefu sana, na polisi akamtafsiria Gordien kwa maneno manne: "Anasema wewe ni mbaya."

9 Novemba

Miaka ishirini.

10 Novemba

Baba na mimi tunakula bila kusemezana. Jana aliniwekea kipande kikubwa cha samaki. Nilikirudisha kwenye sahani yake.

Mchungaji ametuma ujumbe: nimetolewa kwaya, na sitakaribia Meza hadi nitubu mbele ya kanisa.

Nimeusoma ujumbe ule mara nyingi. Hadi nitubu mbele ya kanisa.

11 Novemba

Nilikwenda kwa Émilienne, mjane wa Raphaël. Ziwa limepanda hadi uani kwake, jikoni tunaingia kwa kukanyaga mawe. Yeye ni Mkatoliki, kwa hiyo Jumapili ile hakuwepo, na mjini hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia. Tarehe saba na nane alikuwa kashoni kumwombea mkwewe aliyefungwa ruhusa ya kutoka, hakusikia jina la Wilfried wala ushahidi wangu, alisikia hukumu tu.

Nilimwambia. Alikuwa anachambua ndagala, dagaa wa ziwa letu, na hakuacha.

"Mi nilimutemea mate," akasema mwishoni. "Ule Murundi. Siku ya kwanza ku tribunal. Nilimutemea mate mu uso, akapangusa, akanipa pole. Nikasema angalia vile muuaji iko na mayele, vile anajua kudanganya."

"Mama Émilienne, kesho ukuje kwetu ku ibada."

"Kwenu? Kufanya nini kwenu? Munapiga ngoma mpaka muntu anaumwa kichwa."

"Ukuje tu. Ukae nyuma."

Aliendelea kuchambua. Samaki wazuri upande huu, waliovunjika upande ule. "Misa nitaacha," akasema. "Lakini bakinipa ile sahani ya sadaka, sitatia kitu."

12 Novemba, Jumapili

Kanisani kwetu hakuna anayeweza kumzuia mtu anayekwenda mbele kutubu. Hata mtoto, hata mlevi, hata aliyetengwa. Ndiyo sheria ya kwanza ya kitambaa, ya zamani kuliko Mchungaji Élie.

Wakati ulipofika nikaenda mbele. Wakasema "Amina!" kwa furaha, walidhani nimekuja kuomba msamaha kwa kulitaja jina. Nikapiga magoti pale alipopiga yeye. Nikasema: "Ninatubu. Nilimsikia Wilfried akisema hapa kwamba alimuua Raphaël kwa kasia. Nikaimba. Ninyi nyote mlisikia, mkaimba pamoja nami. Mtu aliyembeba Raphaël mgongoni amepewa miaka ishirini, na sisi tumempelekea msamaha."

Mchungaji akainua mkono haraka. Wazee wakaja na kitambaa. Baba ndiye aliyekuwa ameshika upande wa mbele.

"Baba," nikasema, "usinifunike."

Akasimama. Wale wengine walivuta, yeye hakuvuta. Kitambaa kikabaki hewani kati yao kama shuka linaloanikwa. Mchungaji akatoa ishara kwa kwaya. Kwaya ikafungua midomo, lakini hakukuwa na wa kuanzisha.

Ndipo Émilienne aliposimama nyuma. Mwanamke mfupi, sauti ya sokoni.

"Wilfried! Ile kasia uliua nayo bwana yangu, ulipikia nini?"

Wilfried, aliyekwisha kurudi kutoka Swima, alikuwa benchi la tatu. Hakugeuka. Nilikuwa namtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba niliona hofu pale. Mkewe, Arlette, alikuwa upande wa wanawake na mtoto mgongoni. Arlette aliweka mkono kinywani. Kisha akautoa.

"Bugali," akasema. "Mi njo nilipika. Alileta ile kuni asubuhi, ilikuwa na rangi ya bluu ya mutumbwi. Nilimuuliza, akasema niwashe tu." Akaanza kulia. "Tulikula, mama. Bote tulikula."

Wilfried akatoka kwa mlango wa pembeni, bila kofia, kwenye mvua. Hakuna aliyemfuata. Baba akaikunja ile nguo, mara moja, tena mara nyingine, akaiweka kwapani, akaenda kukaa.

Tulitawanyika bila baraka.

15 Novemba

Constance amepeleka rufaa. Ameandika kwamba mshitakiwa alinyimwa kujitetea kwa neno la mtu mwingine aliyekiri, na kwamba nusu ya kesi yake ilisikilizwa bila lugha. Émilienne naye ameweka kidole chake, akitaka Wilfried aitwe na Arlette asikilizwe. Constance anasema mahakama inaweza kunidharau mimi, lakini mjane wa marehemu ni vigumu kumfukuza.

Polisi wanasema Wilfried hajulikani aliko. Wavuvi wanasema wanamwona kule Mboko kila asubuhi.

19 Novemba, Jumapili

Sikwenda kanisani. Baba alikwenda, akarudi mapema. Tulikuwa tunakula alipouliza, akitazama sahani:

"Ile korti ya rufaa, bantu banafikaka kule namna gani?"

"Kwa gari, Baba."

"Na mutu muzee, banamupa kiti?"

Nilitaka kumjibu vizuri. Hasira haikuniruhusu. "Gordien alisimama," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu, akamaliza chakula chake. Suti bado inaning'inia ukutani.

21 Novemba

Kesho wanampeleka Gordien gereza la mji mkubwa. Nilikwenda kashoni na Iteka. Amekonda, shingo imekuwa kama ya mzee. Nilimweleza kwa Kirundi, kupitia dirisha la nondo, habari ya rufaa, ya Émilienne, ya kuni za bluu. Nikamwambia mwalimu mmoja wa kambi ya wakimbizi atakuwa mkalimani wake, mtu mwaminifu, kwa sababu mimi nitakaa upande wa mashahidi.

Alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Ulisikia siku gani, huyo mtu alipokiri?"

"Tarehe nane Oktoba."

"Na ulilisema mbele ya jaji siku gani?"

"Tarehe nane Novemba."

Iteka aliacha kufungua sufuria. Sikumweleza habari za kiti, wala sheria, wala ushauri wa Constance. Vyote ni kweli, na vyote vilikuwa vidogo mno kwenye dirisha lile. Hakunishukuru. Angenishukuru nisingeweza kusimama pale.

"Siku hiyo ya rufaa," akasema, "usisahau kuwaambia na hilo."

Nimeliandika hapa ili nisisahau.